Maziwa lala ni chakula bora, lakini hayaongezi damu

Wiki hii ningependa tuzungumzie chakula ambacho wengi wetu tulilelewa nacho na ambacho siku hizi kimejaa tele katika majokofu ya maduka ya mijini: maziwa yaliyochachuka. Wengine huyaita maziwa lala au mala, Watanzania huyaita mtindi au maziwa mgando, na sisi Abagusii huyaita amabere amaruranu. Nimeamua kuyaandikia kwa sababu ya mtoto mmoja aliyeletwa kwangu Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii kwenye barabara ya kwenda Kisumu, wakati wa likizo ya Desemba.

Mtoto huyo alikuwa na umri wa mwaka 1 na miezi 4. Anaishi Nairobi na wazazi wake ambao wote wameajiriwa. Aliyemleta si mama yake bali nyanya yake, na mama alifuata nyuma akiwa amekasirika kidogo, kwani kwa maoni yake mtoto hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa mnene, mashavu yamejaa, na hakuwa na homa. Nyanya alimpakata, akamfungua kiganja na kuniambia, "Daktari mwanangu, tazama mkono huu. Huyu mtoto hana damu."

Nilitazama. Kiganja kilikuwa cheupe kama karatasi, na ndani ya kope hali ilikuwa hiyo hiyo. Tulipopima damu, himoglobini ilikuwa gramu 6.8 kwa kila desilita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtoto wa umri huo awe na angalau gramu 10.5. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Choo hakikuwa na minyoo wala damu. Kipimo cha selimundu hakikuonyesha kitu. Lakini chini ya hadubini chembe nyekundu za damu zilikuwa ndogo na zilizofifia, jambo ambalo humwelekeza daktari kwenye upungufu wa madini ya chuma.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: anakula nini?

"Anakula vizuri, daktari," mama akajibu. "Asubuhi ni nusu lita ya maziwa. Saa nne mala. Mchana uji kidogo akikubali, kisha mala tena. Jioni chai ya maziwa na mkate. Usiku chupa ya maziwa ili alale." Tulipojumlisha pamoja, ilikuwa zaidi ya lita moja na robo kila siku. Nyama hakuwa anapewa kwa kuwa hana meno ya kutosha. Mboga alikuwa anazitema.

Mama huyo si mzembe. Alikuwa akitumia pesa nyingi kila wiki kununua maziwa, na alikuwa amesoma juu ya pakiti kwamba yana vitamini, madini na bakteria wenye faida. Yote hayo ni kweli. Kinachokosekana hakikuandikwa.

Yaliyomo na yasiyomo

Tuanze na sifa, maana maziwa yanazistahili. Gilasi moja ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, ambayo ni karibu thuluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Ina pia protini ya daraja la juu, fosforasi, vitamini B2 na vitamini B12. Hii ya mwisho ni muhimu sana kwa wale wasiokula nyama, kwa sababu haipatikani katika mboga wala nafaka. Maziwa yasiyotolewa malai yana vitamini A. Yakitolewa malai, vitamini hiyo huondoka pamoja na mafuta.

Yakichachuka, hakuna kinachopungua sana ila sukari yake, iitwayo laktosi, ambayo bakteria huila na kuigeuza kuwa asidi. Hiyo asidi ndiyo ukali unaousikia ulimini, na ndiyo inayoyagandisha. Waafrika wengi hupoteza uwezo wa kuisaga laktosi baada ya utotoni. Ndiyo maana mtu mzima akinywa maziwa mabichi ya lita nzima tumbo hujaa na kunguruma. Mtu huyo huyo akinywa mala au mtindi wenye bakteria hai huenda asisikie lolote. Hii si imani ya wazee tu. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ambayo imekataa madai mengi ya wauzaji wa vyakula vya aina hii, ilikubali dai hili la mtindi kusaidia usagaji wa laktosi.

Sasa tuje kwa yasiyomo. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haifikishi hata miligramu 1 ya chuma. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takriban miligramu 7 kwa siku. Unaweza kumnywesha mtoto ndoo, hutafika. Kuchachusha hakuongezi chuma hata chembe moja, kwa kuwa bakteria hawatengenezi madini. Wanaweza kutengeneza baadhi ya vitamini, lakini chuma hutoka udongoni, kikapitia mimea na wanyama hadi kwetu.

Ubaya wa pili ni kwamba maziwa mengi hujaza tumbo dogo la mtoto, naye akakataa chakula kingine. Ubaya wa tatu ni kwamba kalsiamu ikiwa nyingi hupunguza kiasi cha chuma ambacho utumbo unaweza kufyonza. Na kwa watoto wa chini ya mwaka 1, maziwa ya ng'ombe yakifanywa kinywaji kikuu yanaweza kuukwaruza utumbo ukavuja damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho.

Chai nayo ina lake. Sisi wa Kisii na Nyamira tunaishi katikati ya majani chai, na katika nyumba nyingi chai ya maziwa hunywewa hata na mtoto anayetambaa. Majani hayo yana tanini, ambayo hushikana na chuma cha mboga na nafaka na kukizuia kuingia mwilini. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingefyonzwa. Mtu mzima na asubiri saa moja baada ya kula ndipo anywe chai yake. Mtoto mdogo hana haja nayo kabisa.

Usidhani ninazungumzia mtoto mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa vitamini na madini uliofanywa nchini Kenya mwaka 2011 uligundua kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka 5 alikuwa na upungufu wa damu, na kwa wajawazito ilikuwa takriban wanne kati ya kumi. Upungufu wa zinki ulikuwa mbaya zaidi: watoto wanane hivi kati ya kila kumi. Si upungufu wote wa damu unaotokana na chuma. Malaria, safura na selimundu zina sehemu yake. Lakini chuma ndicho kinachosahauliwa kwa urahisi zaidi nyumbani kwenye pesa, kwa kuwa mtoto hakondi.

Mtoto asiye na chuma cha kutosha huchoka upesi na hupoteza hamu ya chakula. Wengine hula udongo. Linalonitia hofu zaidi ni ubongo. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ubongo unapojengwa kwa kasi, na utafiti umeonyesha kwamba watoto waliokosa chuma kwa muda mrefu wakati huo wanaweza kubaki nyuma katika kujifunza hata baada ya damu yao kutengenezwa.

Sahani ya nyanya

Nilimuuliza yule nyanya yeye aliwalea watoto wake kwa nini. Alicheka. Alisema maziwa yalikuwa ya kibuyu, ng'ombe walikuwa wachache na hakuna mtoto aliyepata zaidi ya kikombe. Sehemu kubwa ya maziwa ilikuwa inaingia katika mboga.

Wasomaji wa kutoka kwetu watajua anachosema. Chinsaga, ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa mgagani, ni chungu. Huchemshwa kwa muda mrefu, kisha hutiwa maziwa na kuachwa ili uchungu upungue. Wengine huipasha moto siku mbili tatu kabla ya kuila. Huliwa na ugali wa wimbi. Managu, yaani mnavu, nayo hupikwa vivyo hivyo. Katika sahani hiyo maziwa ni kiungo tu, hayakuja kuchukua nafasi ya chakula.

Mboga hizi zina chuma, asidi ya foliki na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine yoyote tunayokula, zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, na chuma pia. Lakini sitaki kumfanya msomaji aamini kwamba sahani ya zamani ilikuwa dawa kamili. Chuma cha mboga na nafaka hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama na samaki. Wimbi na maharagwe yana fitati, ambayo hushika chuma na zinki. Kuloweka nafaka, kuiotesha kidogo au kuuchachusha uji kabla ya kuupika hupunguza fitati hiyo, na nyanya zetu walifanya hivyo bila kumuuliza daktari. Kuchemsha mboga kwa muda mrefu nako huua vitamini C, ambayo ndiyo ingesaidia chuma kufyonzwa. Kwa hiyo nampendekezea kila mtu tunda baada ya mlo: pera, chungwa au kipande cha papai. Mapera huanguka na kuoza chini ya miti huko Mosocho huku watu wakinunua vidonge vya vitamini C dukani.

Tena kuna omena. Samaki huyu mdogo wa Ziwa Victoria huuzwa kwa debe na kwa kikombe katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii na katika kila soko la Nairobi. Akikaushwa vizuri, akachambuliwa mchanga na kusagwa, kijiko kimoja katika uji au mboga ya mtoto huleta chuma, zinki na kalsiamu kwa pamoja. Maini ya kuku yaliyopondwa hayahitaji meno.

Bakteria wanaouzwa

Wasomaji wengi wa mjini hutaka kujua kuhusu mtindi ulioandikwa kwamba una "probiotiki", ambao bei yake huwa juu kuliko ya mala ya kawaida. Neno hilo lilipewa maana rasmi na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001: ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji faida ya kiafya. Wazo lenyewe ni la zamani. Ilya Mechnikov, mwanasayansi mzaliwa wa milki ya Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba bakteria wa maziwa machachu hurefusha maisha. Mjapani Minoru Shirota alianza kuuza kinywaji chake cha Yakult mwaka 1935. Japani pia ndiyo iliyotangulia kuweka utaratibu wa serikali wa kuvipa vyakula vya aina hii kibali maalumu, mwaka 1991.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Kule Mwanza, kina mama wamekuwa wakitengeneza mtindi wa probiotiki kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Nchini Uganda, shirika la Kiholanzi liitwalo Yoba for Life limesambaza viini vilivyokaushwa ili wasindikaji wadogo wa vijijini watengeneze mtindi wenye bakteria maarufu aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG. Hiyo ni kazi nzuri, hasa kwa kipato cha wafugaji.

Je, bakteria hao wanatibu? Hapa yafaa tuwe waangalifu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba GG hufupisha kuhara kwa watoto. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa ya hospitali za Marekani na Kanada, mojawapo likitumia GG huyo huyo, hayakuona faida yoyote kwa watoto waliokuwa wakihara na kutapika. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti za ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, kama WHO na UNICEF zilivyoagiza mwaka 2004. Kuhara kukidumu wiki mbili, mtindi humfaa kuliko maziwa matamu kwa sababu ya ile laktosi niliyoitaja. Basi mtindi ni chakula cha mgonjwa, wala usiwekwe mahali pa dawa.

Amabere amaruranu ya kibuyu nayo yamechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo katika jarida la Food Science & Nutrition, wakaonyesha kwamba ndani yake mna bakteria wa asidi ya laktiki wa aina mbalimbali pamoja na hamira, ikiwamo ile ile inayoumua mkate. Miongoni mwa hamira hizo walikuta pia Candida albicans, fangasi anayejulikana kwa kuleta utando mweupe mdomoni mwa watoto. Maana yake ni kwamba kibuyu hubeba kila aliyeingia, mwema na asiye mwema. Majirani zetu Wakalenjin wana mursik, na mwaka 2013 wachunguzi walipima ndani yake pombe kidogo na asetaldehidi, kemikali inayoshukiwa kuhusika na saratani ya umio iliyo nyingi magharibi mwa Kenya. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo inayosababisha, na mimi simkatazi mtu mzima kikombe chake. Kwa mtoto mdogo natumia sufuria safi.

Jinsi ya kuyatengeneza

Chemsha maziwa kwanza. Hapa huwa nagombana na wagonjwa wangu, kwani wapo wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha na kwamba ukali huua viini vya maradhi. Hauui vyote. Ugonjwa wa brusela, ambao huleta homa za kurudiarudia, jasho la usiku na maumivu ya viungo, hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, hata yakiwa yamechachuka. Nimewatibu watu waliomeza dawa za malaria miezi mitatu kabla ya mtu kuwauliza juu ya maziwa.

Yakishachemka, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha utie vijiko viwili vya mala nzuri ya dukani yenye bakteria hai kwa kila nusu lita. Funika, uache mahali penye joto hadi kesho yake, halafu weka kwenye jokofu. Yasipoganda hata baada ya siku mbili, muulize aliyekuuzia kama ng'ombe wake amedungwa sindano ya kiwele karibuni. Dawa ya kuua bakteria wa ng'ombe huua na wale wa kugandisha, nawe hupaswi kuinywa. Jingine kwa wanaonunua: maziwa yenye ladha ya stroberi na vanila mara nyingi huongezwa sukari. Soma pakiti.

Kwa watoto, mpango wangu ni huu. Hadi miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi 6, maziwa ya mama yanaendelea na chakula kinaanza, mala ikiwa kijiko kijiko tu ndani ya chakula. Baada ya mwaka 1, vikombe viwili vya maziwa kwa siku vinatosha, mala ikiwamo, na vije baada ya chakula. Chupa ya usiku iondoke. Na usisahau kumpeleka kliniki kila baada ya miezi 6 apewe vitamini A hadi atimize miaka 5.

Nakiri kwamba nilipokuwa daktari mchanga nami nilikuwa nawaambia akina mama "mpe maziwa zaidi" kila walipolalamika kwamba mtoto hali. Ilinichukua miaka kadhaa kuacha.

Yule mtoto wa Nairobi nilimwandikia dawa ya maji yenye chuma, kwa kipimo cha uzito wake, atumie kwa miezi 3 bila kukatiza. Usimpe mwanao dawa hiyo bila kupimwa. Ikizidi ni sumu, na chupa yake huwekwa mbali na mikono ya watoto. Hupewa kati ya milo pamoja na maji ya chungwa, si pamoja na maziwa. Choo hugeuka cheusi, na hilo halina madhara. Nyanya alipewa kazi ya kusaga omena na kuituma Nairobi kwa matatu.

Baada ya wiki 4 mama alinipigia simu. Himoglobini ilikuwa imepanda hadi 9.1. Mtoto alikuwa amepungua nusu kilo, jambo lililomtia wasiwasi, lakini alikuwa ameanza kutembea, na ugali wa wimbi alikuwa anaunyakua kwenye sahani ya baba yake. Nilimwambia aendelee na dawa hadi miezi 3 itimie, kisha apimwe tena.